Siku Niliponadiwa kwa Sababu ya Lori la Baba Mdogo

Jamani, haya nayasema mwenyewe kabla hamjayasikia Mwika, maana kule wanayaongezea chumvi, eti nilibomoa kanisa, na mimi kanisa sikuligusa hata tofali moja. Nilichofanya ni kuziba mfongo (ule mfereji wetu unaoshuka toka mlimani kumwagilia migomba) na kuyapeleka maji yote kwenye sadaka za watu, mchana kweupe, kila anayenijua akiwa pale. Aibu ile ni yangu na naikiri.

Yote yalianzia kwenye kuchagua chuo. Baba mdogo ana Fuso lake la kupeleka ndizi Dar, na magoti yalikuwa yameanza kumkatalia klachi. Akatuambia wazi watoto wa ukoo: atakayejifunza lori vizuri atapewa ufunguo, asipopatikana linauzwa Krismasi. Wanaume wakabaki wanatazamana, kila mmoja na shughuli zake za mjini, nikasema mimi Aikande nalichukua. Leseni ya gari dogo nilikuwa nayo, usukani naupenda kuliko chakula, kilichobaki ni chuo tu. Basi sikuuliza mtu, nikashuka Moshi, nikaona chuo kimechorwa semi-trela ukutani, jekundu, tairi zinang'aa (aliyechora ana kipaji, hilo simnyimi), wakaniambia siku kumi tu unamaliza, nikajiandikisha hapo hapo mwavuli ukiwa bado mkononi.

Semi-trela lenyewe likabaki ukutani. Tulijifunzia Canter, kwenye uwanja tambarare kule chini kwenye joto, tunazunguka madebe, mbele, nyuma, mbele, mpaka ng'ombe waliokuwa wanachungwa pale wakatuzoea. Kilima hatukukiona hata kimoja. Na mimi mtoto wa Mwika, ambako hata kwenda kuomba chumvi kwa jirani unapanda, wala sikujiuliza. Siku ya kumi wakanipa cheti, nikakitia kwenye plastiki kisilowe.

Jumapili iliyofuata nikaenda nacho kanisani. Kwetu ibada ikiisha, sadaka za shambani zinanadiwa nje, mikungu ya ndizi, mayai, kabeji, kuku waliofungwa miguu. Fuso la baba mdogo lilikuwa barabarani limeziba geti, pua inatazama mlima, limejaa ndizi za soko la Jumatatu. Mzee Elinaja, mnadishaji wetu, akaomba kwenye kipaza sauti lisogezwe mbele kidogo. Baba mdogo akaanza kuinuka na magoti yake.

"Kaa, baba mdogo," nikamwambia. "Niachie mimi."

Nikapanda, nikawasha, nikatoa hendibreki kama nilivyozoea uwanjani, nikaachia klachi, injini ikazima, lori likaanza kurudi nyuma lenyewe, nikatafuta breki nikakanyaga klachi, likaongeza mwendo, nikapiga honi (sijui nilitegemea honi inisaidie nini), mara tairi la nyuma likatumbukia mfongoni, likakaa. Maji yakakosa njia, yakageukia uwanja wa kanisa. Kuku wakalowa, kabeji zikaanza safari, mama mchungaji akavua viatu akavishika mkononi, na kwaya ya vijana ikaja kusukuma na majoho yao.

Mzee Elinaja hakushusha kipaza sauti. "Washarika," akasema taratibu, "sasa tunaye dereva. Ametumika kidogo, ana cheti. Nani anaanza?"

Sauti ikatoka nyuma: "Kabeji moja."

Na hakuna aliyepandisha dau. Nilicheka na wenzangu, lakini nilipofika nyumbani nililia kwenye zizi, ng'ombe ananitazama.

Jioni baba mdogo akaja, akanywa chai, hakunigombeza. Akauliza tu, "Chuo chako kina mlima?"

"Hakina, baba mdogo."

"Basi Krismasi haijafika," akasema, akaenda zake.

Kesho yake nikaanza kuzunguka na swali moja: mlima wenu uko wapi? Chuo cha kwanza wakanionyesha viti vipya. Cha pili, upande wa Bomang'ombe, wakanionyesha sare. Cha tatu hakikuwa na picha wala rangi, kulikuwa na lori kuukuu na mama mmoja amekalia debe, Mwalimu Mama Tesha. Nilipomuuliza alisema, "Panda," akanipeleka kwenye mwinuko mkali, akasimamisha lori katikati, akashuka, akaweka chupa yake ya chai nyuma ya tairi.

"Hiyo chai ni ya saa nne," akasema. "Na mimi naipenda. Ondoka."

Chupa mbili niliziponda. Alikuwa anazitazama, anapumua, anasema, "Tena." Alinifundisha kusikiliza injini inapoanza kulemewa, kuishika hapo hapo kwa klachi, ndipo hendibreki iachiwe. Chupa ya tatu tuliinywa wote, na sijawahi kunywa chai tamu vile.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, leseni ya lori mfukoni, nikalipandisha Fuso mpaka getini, ndizi zimejaa, nikalisimamisha pale pale palipoharibika. Watu wakahamisha kuku. Wengine walishavua viatu kabisa. Nikashuka, nikamwendea Mzee Elinaja, nikaomba trei ya mayai iliyokuwa haijanadiwa.

"Ya nini, binti?"

"Subiri kidogo, mzee."

Nikaiweka nyuma ya tairi. Nikapanda, nikasikiliza injini, nikaachia hendibreki, na Fuso likapanda mlima bila kurudi hata unene wa kidole. Nilipochungulia dirishani, mayai yote thelathini yalikuwa yamekaa yananitazama. Nilipiga honi, safari hii kwa makusudi, na nilijisikia mkubwa kuliko mlima wenyewe.

Nimeapa sitachagua tena kitu kwa picha ya ukutani. Na jina la Mama Mfongo, nililopewa baada ya mafuriko yale, limeninata, mpaka wauza ndizi wa Dar wananiita hivyo, nimelikubali. Lakini siku ile mayai yaligombewa, na yalipokwisha sauti ile ile ikatoka nyuma: "Na dereva je?"

Mzee Elinaja akamtazama baba mdogo, ambaye alikuwa anauchomoa ufunguo wa akiba kwenye mkufu wake wa funguo.

"Dereva," akasema kwenye kipaza sauti, "hauzwi."