Profesa wa Maegesho

Kanisani, mtu alipomuuliza anafanya kazi wapi, Fabien Ntakirutimana alijibu, "Niko chuoni." Kweli alikuwa chuoni: alilinda magari kwenye maegesho ya chuo kimoja huko Berea, mjini Durban, Afrika Kusini, amevaa kizibao cha njano. Lakini kwa kuwa aliwahi kufundisha uchumi sekondari kwao Ngozi, Burundi, na aliongea kisomi, waumini wakaanza kumwita Profesa. Hakuwasahihisha. Miaka minne ikapita hivyo.

Mwaka 2014, Immaculée, msichana Mkongomani aliyesoma chuo kingine mjini humo, alimfuata baada ya ibada. Tasnifu yake ilihusu nakisi ya bajeti ya Ghana, na ilikuwa imemshinda.

"Profesa, ninaona tarakimu tu. Sielewi makuta, pesa yote ile, ilienda wapi."

Kwa Jumapili sita Fabien alimfafanulia: jinsi mwaka wa uchaguzi mishahara ya watumishi ilivyopanda kupita kodi iliyokusanywa, serikali ikakopa kuziba pengo, na riba ikazidi kulipanua. Tangu atoke kwao hakuwahi kufurahi namna ile.

Asubuhi moja ya Oktoba gari jeupe likaingia. Fabien akaliongoza kwa mkono mpaka likasimama sawasawa. Akashuka mama mmoja mwenye miwani, msimamizi wa tasnifu, kisha Immaculée.

"Tunamtafuta Profesa Ntakirutimana wa uchumi, aliyemsaidia mwanafunzi wangu," yule mama alisema kwa Kiingereza, akipekua mkoba. "Unamjua?"

Fabien alishusha kofia. "Hapana, mama. Simjui."

Immaculée aliitambua sauti. Akatazama kile kizibao, akatazama chini. "Labda amesafiri," alimwambia msimamizi wake taratibu. "Turudi siku ingine."

Yule mama akampa Fabien sarafu. Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Ya pili alikwenda, akamngoja Immaculée mlangoni.

"Mwanangu, nimekufanya useme uongo kwa ajili yangu."

"Ulinifundisha vizuri, Papa Fabien. Ile masomo haikuwa uongo."

Hakumwita Profesa. Hilo lilimchoma kuliko matusi.

Siku hiyohiyo alimwomba mchungaji nafasi, akasimama mbele ya watu wote na kusema kazi yake. Wengine walimpigia makofi. Wachache bado wanamwita Profesa, kwa mazoea au kwa kejeli, hajui. Kila wakimwita, masikio humwaka moto, naye hujibu, "Mimi ni mlinzi wa magari."