Rangi ya Fedha na Maji ya Kitengela

Siku yangu ya kwanza kazini Kajiado, miaka ya tisini, nilifika nimevaa tai. Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na diploma ya maabara niliyoipata kwa jasho langu. Mkuu wa Maabara aliisoma yote, akauliza, "Na hii inajua kuosha chupa?"

Nilicheka. Nilijiona mkubwa kuliko chupa.

Kazi yangu ilikuwa kukata vipande vya nyama ya wagonjwa, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kuvitia rangi ili daktari wa patholojia atambue ugonjwa kwa darubini. Wachache walikata kama mimi.

Miaka ya elfu mbili nilihamia maabara ya Kitengela. Hapo kikaja kipande cha tumbo la Mama Naserian, muuza ng'ombe. Kwingine walikuwa wamesema ni saratani ya kawaida, na Ijumaa angeondolewa tumbo lote la chakula. Lakini mimi niliona chembe ndogo za mviringo, zinazofanana, zimepangika kama shanga. Nilishaziona ng'ambo: uvimbe adimu wa chembe zinazotengeneza homoni. Ukiwa mdogo, mara nyingi hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, na mgonjwa akabaki na tumbo lake.

"Nithibitishie," daktari wa patholojia akasema. "Siwezi kusimamisha upasuaji kwa maneno."

Ilikuwa Jumatano. Kipimo chetu kilikuwa rangi ya madini ya fedha, ambayo hushika punje za homoni na kuzifanya nyeusi. Nikaitengeneza. Ikageuka nyeupe kama maziwa, na kioo chenye kipande kikachafuka chote. Nikamlaumu aliyetuuzia dawa.

Mama Wanza, mwosha vyombo wetu, akaniangalia. "Daktari wa ng'ambo, chupa umesuuza na maji gani?"

"Ya mfereji."

"Haya ya mfereji yanayotoka kisimani? Hata sabuni inayakataa! Yako na chumvi."

Chumvi hugandisha fedha. Nilisoma hilo, nikafaulu mtihani, nikalisahau.

Nilikimbia hadi kituo cha petroli kununua maji safi yasiyo na chumvi, yale ya kuongeza kwenye betri za magari. Nikaosha kila chupa mwenyewe, Mama Wanza amesimama nyuma yangu: "Hiyo bado. Rudia."

Alhamisi adhuhuri punje zilionekana, nyeusi ti. Daktari alitazama kwa darubini, kisha akainua simu kumpigia daktari wa upasuaji.

Sasa nimestaafu, na diploma imening'inia sebuleni, mahali inapostahili. Kila Krismasi Mama Naserian huja kutusalimu, na humaliza sahani yake kabla yetu sote. Mimi humwambia ni diploma ile iliyookoa tumbo lake. Mama Wanza akiwepo, nasema hivyo kwa sauti ya chini.