Dereva Aliyeandikwa kwenye Bima ya Eliana

Kisa hiki hamtakiamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo, niliyeshika usukani kwa mikono yangu yote miwili, kuna siku nakiona kama nimekiota. Lakini kinamhusu mpwa wangu Eliana, binti wa dada yangu Magdalena wa hapa Utemini, na yeye yuko hai, anauza asali, mnaweza kwenda kumuuliza. Ila afadhali msimuulize. Niulizeni mimi, Alute, dalali wa mbuzi ambaye hakuna mnada Singida nzima asikojulikana.

Eliana ana miaka ishirini na mbili. Ni mfupi, mkimya, na ana kichwa kigumu ambacho hakukitoa upande wetu. Alipomaliza kidato cha nne hakusubiri mtu amtafutie kazi. Alichukua ndoo mbili tupu, akapanda basi kwenda Itigi, akarudi na ndoo mbili za asali. Kesho yake zikawa zimeisha. Akaenda tena. Miaka minne ilikuwa ndiyo hiyo, basi na ndoo, ndoo na basi. Makondakta wa njia ile wote wanamfahamu, kwa sababu siku moja ndoo yake ilipasuka kwenye buti karibu na Issuna ikamwagikia begi la mchungaji. Mchungaji alishuka Ikungi amemsamehe, lakini Biblia yake mpaka leo inafunguka Mwanzo na Ufunuo tu. Katikati imeganda.

Mwaka huu binti akasema amechoka na mabasi. Akaenda kujifunza udereva, akapata leseni, na baada ya miezi mitano akanunua gari, Probox nyeupe iliyotumika, siti za nyuma zinalala, ndoo kumi zinaingia bila kusukumana. Fedha nyingi ni zake. Zilizopungua, mama yake aliuza ng'ombe wanne. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana dada yangu hajawahi kuliona lile gari kama gari. Yeye anaona ng'ombe wake wanne wamepakwa rangi nyeupe wakafungwa magurudumu.

Gari lilipofika tu, akachukua ufunguo akauzika ndani ya debe la unga.

"Bima kubwa kwanza," akasema.

"Mama, bima ipo," Eliana akamwambia. "Bima ndogo nimeshalipa. Hata trafiki akiingiza namba kwenye simu yake inaonekana."

"Ukigonga, hiyo ndogo inamlipa nani?"

"Inamlipa niliyemgonga."

"Na ng'ombe wangu?"

Eliana akalitazama debe.

"Basi ng'ombe wangu hawatoki," dada akasema, akafunika debe.

Ilikuwa Alhamisi. Kule Itigi ulikuwa msimu wa kurina, na mzee Hosea, ambaye mizinga yake iko ndani kabisa ya vichaka, alikuwa amemwekea Eliana ndoo kumi. Alimwambia kwenye simu kwamba atamngoja mpaka Jumamosi. Jumamosi ikipita kuna mnunuzi wa Tabora amesimama mlangoni na hela mkononi. Zile ndoo kumi ndizo zilikuwa mtaji wa binti wa msimu mzima. Akanifuata nyumbani, akanipigia magoti kidogo kama anavyofanya akiwa na shida.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sema, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nisindikize kwa wakala wa bima. Wewe unajua kupatana bei."

Nisiwadanganye, nilijisikia mtu. Nikavaa koti.

Wakala ni dada mmoja anaitwa Martina. Ofisi yake ni chumba kimoja, anauza bima, anatuma na kupokea hela, na anatoa fotokopi. Akaangalia leseni ya Eliana, akaangalia kadi ya gari, akabonyeza kikokotoo, akatuambia laki tisa na ishirini elfu. Eliana alikuwa na laki sita na nusu.

"Huyu jirani yangu fundi kabati ana gari kama hili hili," nikasema, "analipa laki sita na nusu."

"Fundi kabati ana miaka hamsini, mzee. Dereva akiwa chini ya miaka ishirini na tano, na leseni haijatimiza miaka miwili, kampuni hii inaongeza. Inahesabu kwamba bado hajaizoea barabara."

"Dada yangu, mbona mambo yenu yamegeuzwa? Mnadani mtamba ambaye hajazaa ndiye wa bei, ng'ombe mzee tunamwachia mwenye bucha."

"Mjomba," Eliana akasema taratibu, "mimi siyo mtamba."

"Natoa mfano."

Nikaingia kazini. Nikataja laki nne. Martina akasema hawezi. Nikapanda laki nne na nusu, nikakunja uso, nikapiga meza kidogo. Akasema bei haipangi yeye. Basi nikafanya ile ambayo mnadani haijawahi kushindwa: nikasimama, nikamshika Eliana mkono, nikasema twende, tukatoka. Muuzaji wa mbuzi hukuita ukifika hatua ya saba. Ya nane akiwa mkaidi. Mimi nikahesabu mpaka hatua ya ishirini, nikawa nimefika duka la mabati, hakuna aliyeniita. Nikageuka kutazama, Martina anamtolea mtu fotokopi. Ikabidi nirudi nikijifanya nimesahau kofia. Kofia ilikuwa kichwani.

Sasa nikiwa nimekaa pale nimefedheheka, kichwa kikafanya kazi. Nikatoa pochi, nikaweka leseni yangu mezani. Leseni ya kweli, siyo ya kuokota. Nilipewa miaka ishirini na miwili iliyopita, nilipokaribia kuajiriwa kuendesha gari la shamba moja kubwa, wakamchukua mwingine. Tangu hapo naihuisha kila inapokwisha, kwa sababu ina picha yangu nzuri na mnadani inaheshimika.

"Mwandike huyu kuwa ndiye dereva," nikasema.

Martina akaisoma mbele na nyuma. "Miaka ishirini na miwili. Umewahi kupata ajali, mzee?"

"Hata moja."

"Faini?"

"Hata onyo."

Na hapo sikudanganya. Leseni yangu haina doa kwa sababu haijawahi kutoka mfukoni.

Eliana alinivuta koti. "Mjomba, wewe huendeshi," akaninong'oneza.

"Leseni imesema naendesha. Wewe unabishana na serikali?"

Aliangalia saa kwenye simu, akaangalia tarehe. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Akasaini, lakini midomo ameibana. Laki sita na nusu, bima kubwa, dereva Alute. Nilitembea kama nimeuza ng'ombe mia.

Tukampelekea dada karatasi. Aliisoma yote, maana ni msomaji kuliko sisi. Halafu akauliza, "Hapa kwenye dereva wameandika nani?"

"Mjomba," Eliana akajibu.

"Basi huyo ndiye atakayewaendesha ng'ombe wangu."

Tukamweleza kwamba ni maandishi tu. Ndiyo tukaharibu zaidi. Akasema yeye hajalipia maandishi tu, na kama aliyeandikwa siye anayeendesha, siku ya kugonga watamcheka. Akautoa ufunguo kwenye unga, akaupangusa kwenye khanga, akanikabidhi mimi. Eliana aliyetafuta lile gari miaka minne akaenda kukaa kushoto, kiti cha abiria, mikono magotini.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukatoka. Gari lile halina klachi, lina mafuta na breki tu, na mimi kwa kuwa nina miguu miwili niliipa kila mmoja kazi yake. Eliana akasema unatumia mguu mmoja, mjomba. Nikamwambia mwingine nimwachie nani? Tukawa tunakwenda kwa kuinama na kuinuka kama kuku anakunywa maji. Kabla ya Ikungi tulipitwa na bodaboda zote. Karibu na Puma tulipitwa na mzee wa baiskeli amebeba magunia mawili ya mkaa. Akanisalimia, nikamwitikia, akaniuliza habari za nyumbani, tukaongea mpaka tukamaliza, ndipo akatuacha.

"Mjomba," Eliana akasema, "nakuomba tubadilishane. Hakuna anayetuona."

"Mama yako anaona."

"Mama yuko Utemini."

"Unamjua mama yako au humjui?"

Akaangalia saa kwenye simu. Basi la abiria huenda Itigi kwa saa tatu. Sisi tuliingia saa nane mchana, na mnunuzi wa Tabora alikuwa amekaa kwenye benchi la mzee Hosea anakunywa chai. Eliana aliruka kabla gari halijasimama, jambo ambalo si ajabu, maana kusimama kwenyewe nilikuwa nakujaribu mara ya tatu. Akasalimia, akalipa, tukapakia ndoo kumi. Mnunuzi wa Tabora akanitazama ninavyogeuza gari, akamsogeza mtoto wa watu nyuma ya nyumba.

Tumeacha Itigi, tumetafuta njia ya Manyoni, madirisha wazi kwa ajili ya joto. Mnajua harufu ya asali mbichi inavyokwenda mbali. Mimi nikasikia mvumo. Nikatazama, nikaona mzinga mzima umehamia garini, nyuki mbele, nyuki nyuma, mmoja amekaa juu ya kope yangu ya jicho ananipima. Mwanaume hawezi kupigana vita viwili. Nikaacha usukani nikashughulika na nyuki.

Gari likatoka barabarani likielekea kichuguu. Lilikuwa linakwenda polepole, hilo nakubali, kiasi kwamba kichuguu tulikiona kinakuja muda mrefu. Eliana aliwahi kuvuta breki ya mkono, lakini pua ya gari ikawa imeshafika. Bampa likapasuka, taa ya kushoto ikatoka. Ndoo hata moja haikumwagika, kwa sababu ndoo alizifunga yeye.

Jicho langu la kulia likavimba likafunga kabisa, la kushoto likaanza kumfuata mwenzake. Eliana akanitoa kwenye usukani, akanihamishia kushoto, akazunguka, akakaa. Akarekebisha kiti, akarekebisha vioo. Halafu gari likaondoka, na mimi sikujua kama limeondoka. Nilidhani bado tumesimama. Nilipofungua jicho kidogo tulikuwa Manyoni, na jua halijazama nikasikia mbwa wa jirani wa dada.

Dada alikuwa mlangoni. Aliona bampa. Aliniona nateremkia kushoto. Alinyoosha mkono tu, ufunguo ukarudi ungani.

Jumatatu tukaenda kwa Martina. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo. Martina akachukua fomu, akauliza ilikuwaje.

"Lori la mafuta," nikaanza, "linakuja upande wetu, halina taa."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Taa za nini saa kumi jioni, mzee?"

"Ndiyo nashangaa na mimi. Halafu nyuki, kama elfu tatu."

Eliana akavuta kiti akasogea mezani. "Dada Martina, hakukuwa na lori. Nyuki walikuwa watatu. Aliyekuwa anaendesha ni mjomba kweli, lakini tangu apate leseni hajawahi kuendesha. Gari ni langu na mimi ndiye nitakayeliendesha. Tulimwandika yeye kwa ajili ya bei. Sitaki kuendelea hivyo."

Nilitamani chumba kiwe na mlango wa nyuma. Martina aliweka kalamu chini. Akamwambia Eliana wazi kwamba kampuni ina haki ya kuifuta bima yote, na ikifutwa laki sita na nusu haina uhakika wa kurudi. Binti akasema anajua. Hakulitafuna neno hata moja. Bima ingefutwa, ufunguo ungezeekea kwenye unga.

Martina akapiga simu. Akaongea kwa muda mrefu, akatuma picha ya bampa, akasubiri. Mwisho akauliza, "Fundi amewaambia kiasi gani?"

"Laki na thelathini."

"Hiyo haifiki hata lile fungu ambalo mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijagusa mfuko. Kwa hiyo dai halipo. Wamesema kwa kuwa umekuja mwenyewe ukasema, jina libadilishwe na uongeze laki mbili na sabini. Miaka miwili ikipita bila ajali, bei inashuka."

Eliana akalipa palepale, hela ya asali ya jana na juzi yote, noti zinanata. Martina alizihesabu akilamba kidole, na nadhani hakuchukia.

Nyumbani dada akaisoma karatasi mpya. Dereva: Eliana.

"Juzi nani aliyefikisha gari hapa?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye kichuguu."

Dada akaingia ndani. Alirudi mkono mweupe mpaka kwenye kiwiko, akampa ufunguo, akamwambia apunguze mwendo penye mbuzi. Mimi akaniletea uji.

Tangu siku hiyo Eliana ndiye dereva, na mimi ni mshauri wake wa usalama barabarani. Asali sasa anaipeleka mpaka Igunga. Wiki iliyopita tunashuka mlima Sekenke, zile kona mnazijua, mara lori la shaba limekatika breki linakuja nyuma yetu, matairi yanatoa moto, binti amechanganyikiwa kabisa ananililia mjomba tufanyeje, na mimi bila kupandisha sauti nikatoa mkono dirishani, nikalizuia lile lori kwa kiganja hiki hiki ninachoandikia, nikaanza kulisukuma taratibu kulirudisha ju—

"Mjomba," anasema Eliana, ambaye kumbe amesimama nyuma ya kiti changu anasoma, "siku ile ulilala tangu Misigiri, na lori lilikuwa limeegeshwa, dereva wake anakula mua."