Mafuta ya Wintagrini na Goti la Refa

Mtaani walimwita Kinu, na si kwa unene. Ni kwamba ukishapanda kitandani kwake kinachobaki ni kutwangwa. Maisha aliyaanza kwa kupiga pasi nguo za watu, miaka mingi, mpaka siku mwenye shati moja alipofika akiwa amejipinda mgongo kama ndoano. Kinu akamwambia alale pale pale mezani, juu ya mashuka ya wenyewe. Yule bwana aliinuka akilia kwa raha. Kinu akatambua kuwa siku zote hizo alikuwa akinyoosha mikunjo isiyomlipa.

Akawa mkandaji. Chumba cha mbele, ambacho kwa wenzake kingekuwa sebule ya kuwekea makochi yasiyokaliwa, alikitia kitanda kirefu, pazia, ndoo mbili, na chupa ya kahawia ya mafuta ya wintagrini. Mmea wenyewe hakuwahi kuuona. Aliyemuuzia alimwambia ni kichaka kifupi cha nchi za baridi, kinatambaa chini ya miti mikubwa, hakipukutishi majani hata theluji ikikifunika, na kinazaa vitunda vyekundu. Vitunda hakuvijali. Alichokipenda ni harufu: tamu, kali, inayokupanda puani kama chingamu yenye hasira. Alitia kidogo ndani ya mafuta ya nazi na maji ya moto, akaloweka taulo, akalikamua, akamfunika nalo mteja kabla ya kumshughulikia. Wengine walipaka mafuta tu. Yeye alikuwa na taulo, na taulo hilo ndilo lililomjengea jina. Mtu alitoka pale ananuka mpaka njia panda, na wanaomnusa wakajua katibiwa. Mtaa mzima uliamini kwamba dawa isiyonuka ni maji.

Wa kwanza kuamini alikuwa baba mkwe wake, aliyekaa chumba cha nyuma. Huyu alikuwa refa wa mpira enzi zake. Magoti yalistaafu, filimbi ya kichwani ikagoma kustaafu. Hajawahi kubadili uamuzi hata mmoja, hata ile penalti iliyomfanya atoroke uwanjani amevaa aproni ya muuza karanga. Kila jioni alinyoosha goti la kulia, mkwe akalikanda, nyumba ikatulia.

Kisha moyo wa mzee ukaanza kudunda ovyo, na hospitali wakampa dawa ya kuzuia damu isigande. Kinu alimsindikiza kliniki. Nesi alipomsogelea mzee, akanusa.

"Huyu anachuliwa na nini?"

Kinu akamweleza, tena kwa fahari. Nesi akaacha kuandika.

"Dada yangu, hayo mafuta ni ndugu wa karibu wa aspirini. Hayakai juu ya ngozi, yanaingia mwilini, na ukiyatia joto ndiyo yanaingia mbio. Mzee huyu damu yake tayari imelegezwa. Ukimwongezea hayo, siku akianza kutoka damu mtaikinga kwa beseni. Acha kabisa. Na hiyo chupa yenyewe uifungie. Mtoto akinywa kijiko kimoja cha chai ni kama kameza vidonge zaidi ya ishirini vya aspirini. Anakufa huyo."

Kinu alirudi nyumbani, chupa akaitia kwenye sanduku la bati, ufunguo akauvaa shingoni, akawa anaifungulia wateja tu. Jioni mzee akanyoosha goti.

"Baba, leo hakuna mafuta. Nesi amekataza."

"Watu baki wanakandwa kwa mafuta, mimi baba yako nikandwe kwa maneno?"

"Yanaharibu damu pamoja na vile vidonge vyako, Baba."

"Huyo nesi aliwahi kukimbizana na mawinga kwenye matope? Goti ni langu."

"Goti ni lako. Damu ikimwagika, wa kuifuta ni mimi."

Mume wake, fundi baiskeli, alikuwa mtu wa amani, yaani mwoga mwenye adabu. Akakohoa. "Mama, si umpe kidogo tu?"

"Hicho kidogo ndicho utakachomzikia?"

Fundi akakumbuka ghafla kuwa kuna tairi linamsubiri nje.

Kesho yake simu ikaita. Wifi. "Wifi yangu, tunasikia unamnyima mzee dawa. Akifa roho yako itatulia?" Kinu akaeleza habari ya damu, ya vidonge, ya nesi. Wifi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, lakini kwa nini unamnyima?" Kinu akakata simu, akamtwanga mteja aliyekuwa kitandani mpaka maskini akaomba apumzike.

Angalau mzee yuko salama, alijiambia. Ndipo akaona madoa. Mzee alikuwa amekaa kizingitini, suruali imepanda, na muundi umejaa michubuko ya zambarau kama aliyepigwa daluga za wachezaji. Mswaki wake nao ulikuwa na damu.

"Baba, unapaka nini?"

"Nipake nini? Si umefungia ulimwengu kwenye sanduku?"

Kumnusa kusingefaa kitu, maana nyumba nzima ilinuka wintagrini mpaka chumvi. Kinu akamvaa mumewe. Mume akaapa kwa spana zake zote. Kinu akaenda duka la dawa.

"Umemuuzia mzee wangu mafuta ya kuchua?"

"Mzee wako?" muuzaji akacheka. "Huyo hajawahi kununua kitu hapa. Huja kujipima uzito bure na kubishana na mzani."

"Twende kliniki tukapime damu, Baba," alimwomba. Mzee akasema miadi yake ni wiki ijayo, na mechi haichezwi kabla ya siku yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Hili lilikuwa halisikii hata kukatazwa dawa.

Wiki ijayo haikusubiriwa. Asubuhi, katikati ya chai, pua ya mzee ikaanza kutoka damu. Wakaibana, wakamwinamisha mbele, damu haikukoma. Ilidondoka kikombeni, ikashuka kifuani. Fundi akakimbia kutafuta gari. Kinu akaingia chumba cha nyuma kuchukua kadi ya kliniki, akavuta blanketi, na hapo akasimama.

Palikuwa na mpira wa maji ya moto, bado una joto. Umeviringishiwa mataulo yake mawili, yale ya wateja, kutoka ndoo ya nguo chafu. Chupa aliifunga kwa kufuli, na ndoo akaiacha wazi kila usiku, imejaa mataulo yaliyolowa dawa. Mzee alijifunga goti, akaweka na joto juu yake, akalala nalo mpaka asubuhi.

Hospitali walimziba pua, wakamchoma sindano, wakasimamisha vidonge vyake kwa muda. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu, mazungumzo yangekuwa mengine. Kinu alisubiri mzee afumbue macho vizuri.

"Baba, umeniibia mataulo."

"Sikuiba," mzee alisema kwa sauti ya pamba iliyomjaa puani. "Nilikatazwa mafuta. Taulo hakuna aliyelikataza."

Kinu alitaka kulia, alitaka kucheka, zaidi alitaka kumfunika na hilo taulo uso mzima. Wifi akafika, akamtazama mgonjwa, akamgeukia yeye. "Unaona sasa? Ungemkanda mwenyewe kwa kipimo, mzee angehangaika na taulo chafu?"

 Siku ile ile Kinu aliipeleka chupa duka la dawa wakaiteketeze, akayachemsha mataulo yote kwa sabuni, mengine akayatupa. Angeweza kulinda chupa. Kulinda kila kitambaa ndani ya nyumba yenye refa hangeweza.

Wateja wakaja, wakalala, wakanusa. "Mbona leo hamna kitu?" akauliza mpakiaji mizigo.

"Mikono ni ile ile."

"Mikono naijua. Ila mgongo wangu hauamini."

Akahamia kwa mkandaji wa ng'ambo ya barabara, anayemimina wintagrini mpaka macho yanachuruzika. Wengine wakamfuata. Kitanda kikaanza kupata mapumziko ambayo Kinu hakukiombea.

Jioni alilikanda goti la mzee kwa mafuta ya nazi matupu. Michubuko ilikuwa imeanza kugeuka njano pembeni, na mipya hakuiona, ingawa aliitafuta kila siku.

"Nanuka sufuria," mzee alinung'unika.

"Bora sufuria kuliko jeneza, Baba."

"Hii si dawa. Unanipaka tu nisikauke."

"Basi niache?"

Mzee akalisogeza goti karibu yake. "Bonyeza hapo chini ya kifuniko cha goti," alisema. "Si kwamba inasaidia. Bonyeza tu."

Kinu akauma meno, akabonyeza.