Programu Iliyotaka Mama Mdogo Avue Shanga

Katikati ya kioo cha simu palikuwa na umbo la yai lililochorwa kwa mstari mweupe, na uso wa mama mdogo ulikuwa umekaa ndani yake sawasawa. Mstari ulianza kugeuka kijani kutoka juu, ukazunguka taratibu mpaka karibu na kidevu, kisha wote ukawa mwekundu. Yakatokea maandishi ya Kiingereza yaliyosema samahani, jaribu tena. Tulikosea wapi, hayakusema.

Tulikuwa Kakuma, kwenye kibanda cha mwanamke wa Sudan Kusini anayeuza laini na kuchajia watu simu kwa sola. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama yangu mzazi, anaishi na mumewe nje kidogo ya mji. Wiki hiyo aliletewa ujumbe asioweza kuusoma, akampelekea mwalimu wa shule ya jirani, na mwalimu akamwambia kwamba kila mwenye laini anatakiwa kujisajili upya kwa picha ya uso. Asiyejisajili, laini yake ingefungwa Alhamisi jioni. Mama mdogo akanipigia Lodwar, ninakoandikia habari redio moja ya hapo mjini. Jumatano asubuhi nikawa njiani.

Laini yenyewe ilikuwa ya zamani na simu yake ni ya vibonye, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia anunue nyingine. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Uarabuni. Simu aliyoondoka nayo iliharibika na namba zetu wote zikapotelea humo. Sasa hupiga kwa simu ya mwenye nyumba, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na namba anayoikumbuka kichwani ni moja tu, ya mama yake. Akipiga, namba ya huko haionekani, kwa hiyo hatuna namba ya kumpata sisi. Ikifungwa hiyo, Ijumaa angepiga na kuambiwa haipatikani, na Ijumaa iliyofuata vivyo hivyo, na angejaza mwenyewe sababu.

Kwa hiyo tulijaribu tena. Tulitumia simu yangu, kwa kuwa ya mama mdogo haikuwa na kamera. Kabla ya kufika kwenye lile yai ilibidi kupita namba ya kitambulisho, kisha tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ilikuwa kwenye gurudumu la kusukuma kwa kidole, nalo lilianzia mwaka huu, kana kwamba wanaosajili laini wengi wamezaliwa juzi. Mama mdogo, kama watu wengi wa rika lake, kitambulisho chake kinasema alizaliwa Januari mosi, ya mwaka ambao karani alikadiria kwa kumtazama. Nilisukuma gurudumu mpaka kidole kikachoka. Ukilisukuma kwa nguvu linapitiliza, ukilirudisha linapitiliza upande wa pili. Na kila picha ilipokataliwa, programu ilitutoa nje kabisa, tukaanza na kitambulisho, na gurudumu likawa limerudi mwaka huu.

Mwenye kibanda alikuwa amesajili watu tangu Jumatatu na alikuwa na njia zake. Alimhamisha mama mdogo kutoka kwenye benchi hadi kwenye ukuta wa mabati. Akamtaka afungue macho zaidi, kisha asiyafungue sana. Akafuta kamera kwa kanga yake. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu walianza kutoa ushauri, mmoja akidai mtambo unamwogopa, mwingine kwamba unataka atabasamu. Mama mdogo alijibu kwa Kiturkana kwamba hatabasamii kitu ambacho hakijamsalimu.

Hatimaye ujumbe ukabadilika. Sasa ulisema, bado kwa Kiingereza, ondoa vitu vinavyofunika shingo.

Mwenye kibanda alinitazama kabla ya kusema. Ameishi Kakuma miaka mingi na anawajua majirani zake. "Dada yangu," akaniambia polepole, "hii kitu inakataa shingo ya mama."

Shingo ya mama mdogo haionekani. Kuanzia mfupa wa bega hadi chini ya kidevu ni shanga, tabaka juu ya tabaka, nyekundu na njano na bluu, zimelainika kwa mafuta ya miaka, na chini yake upo ule mduara wa chuma aliovishwa alipoolewa. Analala nazo, na huamka nazo. Ziliwahi kuvuliwa wakati wa ugonjwa, apakwe dawa, na zikarudi mara moja. Vinginevyo, mwanamke wa Kiturkana anayezivua ni aliyefiwa na mume. Ukimwona jirani yako shingo tupu huulizi kumetokea nini, unaanza kumpa pole.

Na mume wa mama mdogo alikuwa hai, mita chache kutoka pale, ameketi juu ya kigoda chake kidogo cha mbao kwenye kivuli cha kibanda, fimbo magotini.

Nilimtafsiria mama mdogo yale maandishi. Sikuona njia ya kuyalainisha. Akauliza kama mtambo umepata habari ambayo yeye hajaipata.

Mwenye kibanda alijaribu kusaidia. Alisema wanaweza kuingia nyuma, penye pazia, azivue dakika moja tu, picha ipigwe, azirudishe, hakuna atakayemwona. Mzee alisikia. Kiswahili anakielewa kuliko anavyokubali.

"Dakika moja," akasema bila kugeuka. "Basi na mimi nife dakika moja. Mkimaliza mniite nifufuke."

Wale wanawake wawili walicheka sana, na mmoja akamwambia asife kabla ya kuchagua mbuzi wa matanga, kwa sababu ndugu zake watachagua aliyekonda. Mzee akajibu kwamba kwa kifo cha dakika moja kuku anatosha. Hata mwenye kibanda alicheka. Mama mdogo peke yake hakucheka. Alikuwa ameishika simu yake ndogo ya vibonye kwa mikono miwili akiitazama.

Tulijaribu tena na tena. Nilimfunika leso nyeupe juu ya shanga, nikidhani mtambo utaichukua kuwa nguo, ukakataa leso. Tulimwinua kidevu, yai likasema uso hauonekani. Nilipiga namba ya huduma kwa wateja na sauti iliyorekodiwa ikaniambia kwamba huduma hiyo sasa inapatikana kwenye programu. Nilitafuta ndani ya programu mahali pa kuzungumza na mtu, nikakuta ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Hakuna aliyewahi kuuliza letu.

Jua lilikuwa limefika mahali ambapo kivuli cha kibanda kinabaki mstari. Kioo cha simu kilijaa mng'ao na vumbi, nikawa nasoma kwa kukificha chini ya leso. Wale wanawake walikuwa wameshasajiliwa na kuondoka. Shingo zao zilikuwa na mikufu ya kawaida ya dukani, na mtambo uliwapitisha bila neno.

Mama mdogo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, binti yake anafanyaje akiambiwa haipatikani. Nikamwambia atajaribu tena. Akauliza, na akijaribu tena?

Akaiweka simu yake chini, akapeleka mikono nyuma ya shingo na kuanza kutafuta mahali shanga zilipofungwa.

"Nitavua," akasema. "Mtoto asije akalia huko kwa watu kwa sababu ya shanga zangu."

Hapo mzee akainuka. Nilidhani anakuja kumkataza. Badala yake alinyoosha mkono kwangu. "Nipe nikione," akasema. "Nione kinachotaka nife."

Nikampa. Alikitazama kioo kwa umbali, kisha kwa karibu, hakuona chochote ila vumbi na sura yake mwenyewe. Akashika ncha ya shuka yake na kukifuta, kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu, jinsi mtu anavyofuta kisu. Akanirudishia, akisema ni kitu kidogo mno kwa maneno makubwa namna hiyo.

Kwa kule kufuta, ukurasa ulikuwa umepanda. Chini ya kitufe kikubwa cha kijani cha kujaribu tena, ambacho sote tulidhani ndio mwisho wake, palikuwa na nafasi tupu, na chini ya nafasi hiyo mstari mmoja wa maandishi madogo ya kijivu hafifu kwenye weupe. Hakuna mshale wala alama ya kuonyesha kwamba huko chini kuna kitu. Nilikitilia kioo kivuli kwa mwili wangu nikausoma, kisha nikamwita mwenye kibanda ausome, nisije nikawa naona ninachotaka. Ulisema kwamba kama unavaa kitu cha imani au cha mila usichoweza kukivua, bonyeza hapa.

"Mama, ngoja," mwenye kibanda akasema. "Acha hiyo kamba. Khalas, basi."

Mama mdogo alikuwa ameshalegeza tabaka la juu. Alilishikilia kwa mkono mmoja wakati nikibonyeza. Programu haikututoa nje safari hii. Ilifungua yai jingine, pana, lenye nafasi ya mabega, ikampiga picha na shanga zake zote, ikauliza kama tuna uhakika, na ikasema picha itaangaliwa na mtu, na jibu litakuja kwa ujumbe. Lini, haikusema. Mwenye kibanda aliguna. Alisema tangu Jumatatu amewarudisha nyumbani wanawake ambao hawezi kuwahesabu, akidhani mlango ni mmoja, na sasa itabidi awatafute. Akaandika kwa mkaa juu ya bati la kibanda, kwa Kiswahili, sukuma juu.

Mzee alikuwa amerudi kwenye kigoda. Mama mdogo aliinama mbele yake, nami nikaona mikono yake mizee ikilikaza lile tabaka la shanga na kulifunga upya. Walizungumza kwa sauti ya chini sana. Sikusogea kusikiliza, ingawa nilitaka.

Nilirudi Lodwar jioni hiyo nikiwa na nusu ya jambo. Picha ilikuwa imekwenda. Hakuna aliyesema imekubaliwa. Alhamisi nilimpigia mama mdogo asubuhi na simu ikaita, lakini hilo halikunituliza kwa sababu siku ilikuwa haijaisha. Aliniambia ujumbe umeingia, mwalimu amesafiri kwenda Kaikor, na yeye hajui unasema nini. Inaweza kuwa matangazo, akasema. Huwa wanamtangazia sana.

Ijumaa nilikuwa na habari za kuandika na sikuandika. Baada ya chakula cha mchana nilitoka nje ya ofisi, nikasimama kwenye ukuta wenye kivuli na kubonyeza namba ya mama mdogo. Palikuwa kimya kwa muda mrefu, ule ukimya unaokuja kabla ya kuambiwa haipatikani, ninaoufahamu vizuri kwa kuwapigia watu wa Longech na Kataboi. Kisha sauti ya yule mwanamke wa kurekodiwa, ambaye kwa miaka mingi nimemkatia simu usoni, ikaniambia kwamba mtu ninayempigia anazungumza kwenye simu nyingine.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Nikasubiri kidogo, nikapiga tena. Bado anazungumza. Nikanunua maji kwa mama anayepita na jagi, nikayanywa yote, nikapiga mara nyingine. Bado. Nilipompata, jua lilikuwa limeshainama, naye alipokea kwa sauti ya mtu aliyekatizwa.

"Ni wewe uliyekuwa unapiga piga?" akauliza. "Unatuharibia. Baba yako mdogo ndiyo kwanza alikuwa anamweleza mtoto alivyokufa."