Bisibisi Sikioni

Kwa miaka thelathini fundi alipima injini kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Hakuwahi kukosea. Leo shemeji yake, mwalimu wa hesabu tu, alichomeka kompyuta chini ya usukani, akabadilisha programu ya injini hapohapo uani, na gari lililozoea kujikokota likapanda kilima kama mbuzi. Mke wa fundi akampigia kaka yake vigelegele ambavyo mumewe hajawahi kupigiwa. Roho ilimuuma fundi, acha!

“Shemeji, hebu isikilize,” mwalimu akaomba kwa heshima.

Fundi akainama na bisibisi yake. Injini ilinguruma laini, nzima kuliko zote alizowahi kusikia. Akainuka, akatikisa kichwa.

“Unaiua. Irudishe ilivyokuwa.”

Mwalimu akairudisha bila kubisha. Nani abishane na sikio lile?