Bada, Kambale na Macho ya Mkwe

Faudhia wa Masuguru alianza na picha za pasipoti. Miaka minne aliwaketisha watu wa Korogwe mbele ya shuka la bluu akiwaambia wasicheke, nao hawakucheka. Wengine walitoka kama wanatafutwa na polisi. Kisha kila mtu akapata simu yenye kamera. Shuka likarudi kitandani, na Faudhia akajitangazia kazi mpya: kuwapigia wafanyabiashara picha na video za mtandaoni.

"Yaani unapiga picha maandazi halafu unalipwa?" akauliza kaka yake, Isihaka, dereva wa bodaboda.

"Angalau maandazi hayafumbi macho. Siyo kama wewe kwenye kitambulisho chako."

Mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa Mama Evodia, mwenye mgahawa karibu na stendi ya mabasi. Mama huyo alipika bada, ule ugali wa muhogo, kwa kambale wa nazi ambaye harufu yake ingekufanya usahau basi lako. Lakini meza zilikuwa tupu. Wiki nzima Faudhia alipiga picha sahani: dirishani kwenye mwanga, kwa juu, kwa ubavu, ndimu hapa, pilipili pale. Zikapendwa na watu kumi na mmoja, watatu kati yao wakiwa ni yeye mwenyewe kwa akaunti tofauti. Mtu mmoja akaandika chini: "Mbona hakuna anayekula? Kinauzwa hicho au kinapigwa picha tu?"

Neno lile likamkaa kichwani. Akaanza kutafuta mlaji, na hapo akagonga mwamba. Watu wa huko watakula mbele ya yeyote isipokuwa mkwe, na simu haichagui wa kuitazama. Mwalimu mmoja, alipoona kamera, alijifunika uso kwa kitambaa cha meza. "Mama mkwe yuko Facebook, binti yangu. Anione natafuna?"

Ndipo akaingia Isihaka, saa saba mchana, na njaa ya tangu alfajiri. Hata hakuiona simu iliyosimama kwenye stendi yake nyuma ya birika. Faudhia alimwambia baada ya kula, na Isihaka, akiwa ameshiba mpaka anapumua kwa awamu, akasema, "Poa tu, rusha."

Sekunde thelathini na nane. Isihaka anamega tonge, anachovya, anafumba macho, anaguna. Mchuzi unamteremka mpaka kwenye kiwiko, naye anaufuata kwa ulimi. Mwisho anainua sahani kwa mikono miwili na kuiramba kama anaiosha. Kufika Jumapili, watazamaji elfu arobaini. Makondakta wakawa wanatangazia abiria: "Kwa Mrambaji, dakika ishirini!" Mama Evodia akaongeza sufuria na kuazima viti vya kwaya.

Jumatatu Munira, mchumba wa Isihaka, akapiga simu kutoka Handeni huku analia. Mama yake kaiona video. Wazee walikuwa wapeleke mahari Ijumaa. Sasa mama amesema wasithubutu kuondoka mpaka yeye afike Korogwe kwanza.

"Umeniua," Isihaka akamwambia dada yake. "Mkwe kaona ulimi wangu wote. Kaona mpaka jino lililotoboka!"

"Ulisema poa."

"Nilikuwa nimeshiba! Ifute."

Mama Evodia akashika kichwa. "Nimeshaagiza kambale wa wiki nzima, wanangu. Ikifutwa niwapeleke wapi, niwarudishe mtoni?"

Faudhia akakitazama kitufe cha kufuta kwa muda mrefu. Haikuwahi kutokea kazi yake ikatazamwa na watu elfu arobaini. "Video nitapiga nyingine," akasema. "Kaka sina mwingine." Akaifuta.

Jumatano, basi la kwanza kutoka Handeni likamshusha Mama Munira, bangili mbili za fedha mkononi na uso uliofungwa kama duka siku ya sikukuu. Isihaka alikimbilia jikoni, akachuchumaa nyuma ya gunia la mkaa.

"Shikamoo, mama," Faudhia akasema. "Mpiga picha ni mimi. Kosa ni langu, na nimeshaifuta."

"Marahaba. Umefuta kwako. Kwa dada yangu Mkata ipo, kwa shemeji ipo, kwenye kikundi chetu cha vikoba ndiyo wanafungulia kikao." Akaketi. "Sikuja kwa ajili ya ulimi. Nimekuja kwa ajili ya sahani. Karamba yote! Watu wananiuliza, huyo mkweo kwao hawapiki? Nimpeleke mwanangu kwenye nyumba ya njaa?"

"Kwetu tunapika, mama. Lakini siyo hivi. Onja, halafu ndiyo uhukumu."

Mama Evodia akaweka sahani. Mama Munira akanawa, akamega, akachovya. Akamega tena. Mchuzi ulipobaki kidogo, mikono yake ilianza kuinua sahani. Akajishtukia, akaishusha haraka, akaupangusa mchuzi kwa tonge la mwisho mpaka sahani ikang'aa. Nyuma ya gunia la mkaa mtu akakohoa kuficha kicheko.

"Hmm," Mama Munira akasema. "Basi kijana hakuwa na njaa. Ijumaa wazee waje. Ila uso wa mkwe wangu nisiuone tena unatafuna."

"Na mikono, mama?" Faudhia akauliza.

"Mikono sijaikataza." Akafikiri, akasukuma bangili zake mbele kidogo. "Niongezee kipande. Piga, lakini hizi zionekane."

Siku hiyo hiyo ikarushwa video mpya: mikono tu, tonge, mchuzi, bangili. Mwalimu wa kitambaa alipoona hakuna uso, akaja mwenyewe kunyoosha yake. Baada yake fundi cherehani, kisha mrina asali wa Handeni aliyekamua masega bila kuonyesha hata kidevu. Mji ukaanza kumwita Faudhia wa Mikono.

Alhamisi usiku simu yake ikaita. Mama Munira. Faudhia akapokea. Mahari ilikuwa kesho.

"Watu wa Handeni wamezijua bangili zangu," mama akasema.

"Nifute, mama?"

"Nani kasema ufute? Nakuuliza wametazama wangapi." Akashusha sauti. "Nimempita mkwe?"